Mwezi wa Nane Kila Kiwanja Kiko Juu

Mtu mwenye akili zake akiambiwa kuna kiwanja kinauzwa mahali panapoitwa Tongoni, huuliza kwanza jina lilitoka wapi. Mimi sikuuliza. Tongo ni mahame, mahali watu walipokaa, wakahama, wakaacha kuta zikiota magugu. Kijiji kizima kimepewa jina la nyumba zilizobomoka, nami nikaja na kiinua mgongo changu, nacheka peke yangu kwenye daladala, eti nikajenge nyumba ya kudumu.

Sipasemi vibaya. Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani hujamaliza hata kilomita 20 umeshafika. Minazi ipo, upepo upo, samaki wanauzwa wangali wanakutazama kwa jicho la lawama. Nilikuja kukiona kiwanja mwezi wa nane, kusi inavuma, ardhi imekauka mpaka inalia chini ya kiatu. Fundi akasimama katikati ya kiwanja, akanyoosha mkono kuelekea baharini kama anayegawa urithi, akasema, "Bosi, hapa pamekaa juu. Maji hapa hayafiki."

Nikamwamini. Sasa ninajua kwamba mwezi wa nane kila kiwanja kiko juu. Hata chini ya bahari, maji yakipwa, pako juu. Kiwanja hakitazamwi mwezi wa nane. Kiwanja kinatazamwa mwezi wa nne, usiku, mvua ikinyesha, tena bamvua likiwa limejaa, na fundi awe peku.

Msingi ulipofika kozi tatu za tofali akaniambia zinatosha, ya nne ni kuzika pesa. Pesa nisizozizika nikazipandisha juu: bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee. Kwa hiyo nina nyumba ambayo mafuriko yakitokea angani halitaingia hata tone.

Masika ya 2024 ndiyo iliyotujulisha. Vuli iliyotangulia ilikuwa ya El Niño, ardhi ilikuwa imeshakunywa mpaka imeshiba, na aliyeshiba ukimwongezea anatapika. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, kama saa nane, mke wangu aliniamsha kwa swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake. "Baba watoto, umemwaga maji?"

Nikashusha mguu kutafuta kandambili. Hazikuwapo. Nikawasha tochi ya simu, nikaziona zinaelea kuelekea mlangoni, ya kulia mbele, ya kushoto nyuma, zimefuatana kama zinawahi swala. Jambo moja la busara nililofanya usiku ule, na ninaomba liandikwe mahali, ni kuparamia meza na stuli mpaka kwenye meni swichi nikazima umeme kabla maji hayajafika kwenye soketi, kwa sababu fundi umeme naye alizitega chini kabisa, "ili waya usipotee bure". Baada ya hapo sikufanya lolote la maana mpaka alfajiri. Niliokoa redio mbovu. Vyeti vya watoto aliviokoa mama yao, vilikuwa ndani ya nailoni juu ya kabati tangu siku tuliyohamia. Nilipomuuliza alijuaje, akanijibu kwamba yeye aliuliza jina la kijiji.

Maji yakiingia kwa mlangoni, walau unaweza kuyakasirikia. Yangu yalipanda. Yalitokea kwenye maungio ya sakafu na ukuta, kimya kimya, kama jasho. Mengine yalikuja na habari za chooni, na hizo sitazieleza kwa kuwa kuna watu wanasoma safu hii wakiwa wanakula. Itoshe kwamba shimo la choo halijui nani alilichimba. Maji ya ardhini yakijaa, linarudisha amana. Kisima cha uani nacho tulikifunika tukakisamehe, maji ya kunywa yakachemshwa mwezi mzima.

Watu wa Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Maji yalikuja Jumanne. Yakaondoka Ijumaa, tena jioni.

Halafu, kama kutudhihaki, mwanzoni mwa mwezi wa tano ikatangazwa habari ya kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikitaja kwa jina, Hidaya. Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi, kitu cha kumpa umpendaye. Kijiji kizima kikajiandaa kama kinachopokea bi harusi: ngalawa zikavutwa juu, mabati yakawekewa mawe, mimi nikapanga vitanda juu ya tofali. Tarehe 4 Mei kikafika pande za Mafia kikaishiwa nguvu. Wa kusini kiliwatesa, nami namshukuru Mungu kwamba huku hakikutupata. Lakini mtu uwe mkweli. Mvua iliyonizamisha mimi haikutangazwa na mtu, wala haikuwa na jina. Hata kuilaani nashindwa, nitaiitaje?

Tulipokwisha kukausha godoro, ambalo mpaka sasa likipata jua la saa sita linanuka kamba, nikaanza kazi ya kuikinga nyumba. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba kuikinga nyumba na maji maana yake ni kuyapeleka kwa jirani. Ninyi mnaoishi ghorofani mnaweza kubisha.

Mpangilio wetu ni huu. Njia ya kijiji iko juu. Chini yake niko mimi. Chini yangu yuko mama mmoja mtu mzima ambaye kitongoji kizima tunamwita Shangazi, na ndugu zake wa damu nao wanamwita hivyo hivyo kwa sababu wanamwogopa. Chini ya Shangazi kuna majaruba ya mpunga yaliyoachwa, kisha mikoko, kisha bahari. Maji ya mvua tangu zamani yalikuwa yanatoka njiani, yanapita pale nilipojenga mimi, yanakwenda zao. Kwa maneno mengine, mimi ndiye niliyejenga njiani. Lakini hilo nilikuja kulielewa baadaye, na ufahamu ukichelewa hauna adabu.

Nikaajiri vijana wawili, tukapiga tuta la udongo mwekundu upande wa juu wa kiwanja, urefu wa goti. Mvua iliyofuata nikakaa kibarazani na kikombe cha chai ya mchaichai kuitazama kazi yangu. Maji yakaja, yakaligonga tuta, yakafikiri kidogo, yakageuka kushoto. Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi hivi. Ndipo Shangazi akatokea, kanga moja kiunoni, moja kichwani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Maji yako yamekuja kwangu."

"Si yangu, Shangazi. Ya Mungu hayo."

"Ya Mungu yalikuwa yanapita kwako. Haya yaliyokuja kwangu yana udongo wa tuta lako."

Kesho yake naye akapiga tuta, mpakani, urefu wa paja. Sasa maji yaliyolizunguka tuta langu yakagonga la Shangazi yakarudi uani kwangu kwa mlango wa nyuma, na kwa kuwa mbele nilikuwa nimeshaziba mwenyewe, yakakaa. Nilikuwa nimejenga bwawa na kujiweka katikati yake. Nikaongeza langu. Akaongeza lake. Kwa wiki tatu udongo mwekundu ulipanda bei kitongojini, vijana wale wawili wakanunua baiskeli, na ninavyosikia wao ndio waliokuwa wakimpelekea Shangazi vipimo vya tuta langu kila jioni.

Ushauri nao ukafurika. Kuna msemo wa kuziba ufa ambao nimeambiwa na watu wasiopungua ishirini, pamoja na mwuza mihogo. Jamani, mimi niliziba ufa, na ukuta nikajenga vilevile. Mwenzangu wa zamani kazini, aliyekuwa anakaa Jangwani Dar es Salaam wakati wa mafuriko ya Desemba 2011, alinipigia akanieleza jinsi wenzake walivyohamishiwa Mabwepande, akamaliza kwa kuniuliza kwa nini sihami. Nikamwambia anitafutie mnunuzi. Akasema atamwambia mtu aje kukitazama mwezi wa nane.

Na binamu yangu aliye Rotterdam. Huyu hutuma ujumbe wa sauti wa dakika sita sita. Kwao Uholanzi, anasema, sehemu kubwa ya nchi iko chini ya usawa wa bahari na watu wanalala miguu mikavu. Mwaka 1953 bahari iliwaingilia usiku ikaua watu 1,836, wakaapa haitarudia. Karibu na Rotterdam wakaweka malango mawili ya chuma, kila moja urefu wake mita 210, yanayojifunga bahari ikipanda. Yalianza kazi mwaka 1997. Niliusikiliza ujumbe huo nikiwa nimeshika kiroba cha mchanga, kimoja kati ya viroba 14, ndio ulinzi wote wa taifa langu. Nikamjibu: asante, nitumie lango moja. Akanitumia kidole gumba.

Viroba vyenyewe vina kisa. Nilikuwa nimesikia, na ni kweli, kwamba viroba vya mchanga havipangwi kama magunia ghalani. Vinajazwa nusu na kidogo ili vilale vizuri, vinapishanishwa kama tofali, na chini yake kunatandikwa nailoni inayopanda mpaka juu, kwa sababu kinachozuia maji ni nailoni, mchanga kazi yake ni uzito. Haya yote nilifuata. Mchanga nikaenda kuuchukua ufukweni, usiku, kwa toroli linalolia.

Asubuhi nikamkuta babu mmoja mvuvi, mzee wa makamo ya baba wa baba yangu, amesimama mbele ya viroba, mikono nyuma.

"Mchanga wa wapi huu, mjukuu wangu?"

"Wa hapo chini, babu."

"Alaa. Unamzuia mgeni asije, na mkeka wake umeuiba."

Mzee huyu ana maneno machache na yote yanachoma. Ndiye aliyenieleza habari za Maziwe, kisiwa cha nje ya Pangani. Ujana wake kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga; yeye mwenyewe amelala chini ya kivuli chake akisubiri maji. Miaka ya 1970 bahari ikakila, miti ikaanguka mmoja mmoja. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa, na watalii wanapelekwa kupiga picha. "Kisiwa kizima," akasema, akakitazama kiroba changu cha kwanza mpaka cha kumi na nne, hakuongeza neno.

Kwa uchungu wa kudharauliwa nikaenda magofuni. Nilitaka kuona watu wa zamani walifanyaje. Msikiti na makaburi yale ni ya karne ya 15, makaburi kama 40, mengi yake ya mnara, yaani yenye nguzo iliyosimama kichwani, na nguzo zenyewe nyingi zimeshalala. Lakini tazama kuta zilizobaki. Mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Chokaa inapumua, inalowa, inakauka, inaendelea na maisha yake. Ukuta wangu wa simenti, ambao nashuku mchanga wake nao ulitoka palepale nilipouiba wa viroba, unanyonya maji ya chini kama utambi wa koroboi. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Kimo cha mkono kutoka sakafuni kuna mstari mweupe unaozunguka sebule nzima, lipu inabanduka magamba kama changu. Nimepaka rangi mara tatu. Mafundi wanasema tiba ilikuwa nailoni juu ya msingi kabla tofali la kwanza halijapanda. Tiba ya jambo lililokwisha kupita wanaijua wote.

Nikakaa juu ya jiwe nikiwaonea wivu marehemu. Wamelala pakavu, gharama ya chini, hawana Shangazi. Kisha nikainua macho nikaona bahari ilipo, ilivyosogea, na mikoko ilivyopungua mbele yake, nikajua kwamba wao nao wana kesi yao, ila hawapigi kelele.

Hapa ndipo ghuba ya Mtangata, na mwaka 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, Rafael, ilipanda mwamba nje ya pwani hii. Watu wetu wakawaendea na mitumbwi yenye machungwa. Mabaharia wakala machungwa, wakasubiri maji yajae, meli ikaelea, wakaenda zao. Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, walirudi na meli ileile wakaichoma moto wenyewe hapa hapa, mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha zote. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa juu ya stuli usiku. Meli ikikwama, maji yakijaa inaondoka. Nyumba maji yakijaa ndipo inapokwama. Na machungwa sijaletewa na mtu.

Basi babu ndiye aliyevunja vita ya matuta, si kwa hekima, kwa hasira, maana njia yake ya kwendea ngalawa ilikuwa imegeuka matope. Akatuita mimi na Shangazi, akachora kwa fimbo. Mtaro mmoja, uanzie njiani, upite mpakani kati yetu, uteremke mpaka mikokoni. Matuta yashushwe, udongo wake ukanyanyue sakafu ya banda la kuku la Shangazi. Nikauliza kwa nini lisiwe langu. Sikujibiwa. Kingo za mtaro tukapanda majani ili udongo usiporomoke, chini ya mtaro Shangazi akachomeka majimbi, akasema maji yakipita bure ni hasara. Kwenye bati langu la kifahari nikatega mfereji na simtanki, kumbe nusu ya maji yaliyokuwa yananizamisha nilikuwa nayamwaga mwenyewe kutoka juu.

Mvua ya kwanza mtaro ulifanya kazi mpaka nikaogopa. Maji yaliteremka mbio, yakatupita, hayakutusalimia.

Siku sita baadaye mwezi ukapevuka, bamvua likaja, na bahari ikapanda kwa mtaro uleule mpaka mlangoni kwangu, na kaa ndani yake. Mtaro ni barabara, haujui nani anashuka na nani anapanda. Zamani, babu alisema, mikoko ya pale chini ilikuwa minene, mkandaa na msinzi, mtu hapiti bila panga, na bahari nayo ilikuwa inachoka humo kabla haijafika. Iko wapi? Hakujibu. Alitazama juu tu. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwangu, na juu ya vichwa vyetu kulikuwa na boriti 22, nilizozichagua mwenyewe kwa uimara wake, zimenyooka, nyekundu, hazijaguswa na mdudu. Nikakumbuka nilivyozisifia siku zinashushwa. Basi bahari ilipokuwa ikija kwangu usiku huenda haikuwa inanifuata mimi. Ilikuja kuhesabu.

Tiba ya mtaro unaopandisha bahari ni kibao. Babu alikipasua kutoka ubavu wa ngalawa iliyokufa, tukakining'iniza mdomoni mwa mtaro kwa mpira wa tairi, kimeegemea fremu ya ndani. Maji ya mvua yakishuka yanakisukuma yanapita. Bahari ikipanda inakibana chenyewe. Nilimpigia picha binamu wa Rotterdam, nikamwandikia: nasi tumefungua letu, upana sentimita 60. Hakunijibu kwa siku mbili, na sikumbuki siku mbili tamu kama hizo.

Ila msidhani yamekwisha. Bahari ikikibana kibao na mvua nayo ikinyesha, maji ya mvua hayana pa kwenda kwa saa sita mpaka bahari ipwe. Lazima yasubiri mahali. Shangazi anasema yasubiri kwangu kwa kuwa nina kozi tatu za msingi. Mimi nasema yasubiri kwake kwa kuwa ana majimbi, na majimbi yanapenda.

Bamvua la juzi tulikesha hapo chini watatu, na tochi mbili. Mawingu yalikuwa yamejaa ila hayajaamua. Bahari ikaja polepole, ikakigusa kibao, kibao kikalia kidogo kikabana. Tukashusha pumzi. Kisha pembeni, upande wa kulia, mshipi mwembamba wa maji ukaanza kuchirizika. Babu akaweka udongo, ukaondoka. Mimi nikaweka mguu, sijui kwa nini. Shangazi akatutazama wote wawili, akafungua kanga ya kichwani, akaikunja mara nne, akaisokomeza ufani mpaka ikaingia yote. Maji yakakatika.

Akajifuta mikono, akanigeukia gizani.

"Hiyo ilikuwa mpya, mwanangu. Nataka doti. Usiniletee kipande."